Nyumba Imara, Ardhi Isiyo Imara

Tarehe 16 Juni 1964, mara tu baada ya saa saba mchana, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilipiga pwani ya magharibi ya Japani. Kitovu chake kilikuwa baharini, zaidi ya kilomita 50 kutoka mji wa Niigata. Katika mtaa wa Kawagishi-cho, karibu na mto Shinano, kulikuwa na safu ya maghorofa ya makazi yaliyojengwa kwa zege na nondo. Ardhi ilipotikisika, maghorofa yale yalianza kuinama. Moja liliinama polepole mpaka likakaribia kulala ubavu kabisa, na watu waliokuwamo wakajiokoa kwa kutembea juu ya ukuta wake wa nje. Wahandisi waliokuja kulikagua eneo hilo walikuta jambo gumu kulieleza: majengo mengi yalikuwa mazima. Nguzo hazikukatika, kuta hazikubomoka. Baadhi yalinyanyuliwa kwa jeki, yakanyooshwa, yakatumika tena. Hesabu za zege zilikuwa sahihi, na fundi hakuiba saruji. Kilichoshindwa ni ardhi yenyewe, mchanga mlegevu uliofukia mkondo wa zamani wa mto.

Kila tunaposikia habari za tetemeko huwa tunauliza mambo mawili: lilikuwa kubwa kiasi gani, na lilitokea umbali gani na sisi. Kwa mtu anayeishi mlimani juu ya mwamba, maswali hayo yanatosha kumpa picha ya hatari yake. Kwa anayeishi mabondeni, kando ya mto, kwenye delta au ufukweni, hayatoshi hata kidogo. Linabaki swali la tatu, na kwake yeye ndilo zito zaidi: chini ya nyumba yake kuna nini, na maji yako kina gani? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jibu la swali hilo hupatikana miaka mingi kabla ya tetemeko, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaoliandika. Tunaliandika tunapojaza kifusi kwenye kinamasi, tunapochimba mfereji wa umwagiliaji juu ya mtaa wa watu, na tunapopima viwanja bila kupima udongo. Tetemeko hatuna uwezo wa kulizuia. Ardhi ambayo litaikuta, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwetu.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima tuangalie mchanga kwa karibu. Mchanga ulio chini ya ardhi ni chembe zilizoegemeana, na uzito wa nyumba hushuka kutoka chembe hadi chembe, pale zinapogusana. Katikati ya chembe kuna nafasi, na mabondeni nafasi hizo zimejaa maji. Siku za kawaida maji hayo hayana madhara. Chembe zinabeba mzigo, maji yametulia. Sasa fikiria muuza nafaka sokoni anavyolitikisa debe la mahindi ili punje zishuke na nafasi ya kuongeza ipatikane. Tetemeko huufanyia mchanga mlegevu jambo lile lile: chembe hutaka kushuka na kubanana. Lakini safari hii nafasi zimeshikwa na maji, na maji hayabanwi. Yanahitaji muda wa kupenya na kutoka, na mtikisiko hauyapi muda huo. Basi shinikizo lake hupanda kwa kila mtikiso, mpaka maji yanaubeba ule uzito ambao chembe zilikuwa zimeubeba. Zikishaacha kugusana, mchanga haushiki tena kitu. Unakuwa tope zito linalotiririka, na hali hii ndiyo inayoitwa kuyeyuka kwa udongo.

Kanuni iliyo nyuma ya maelezo haya ilitolewa na mhandisi Karl Terzaghi katika miaka ya 1920. Alionyesha kwamba nguvu ya udongo hutokana na ile sehemu ya uzito inayobebwa na chembe peke yake, baada ya kutoa shinikizo la maji. Ni hesabu fupi ya kutoa. Shinikizo la maji likilingana na uzito wote, kinachobaki ni sifuri.

Tope hilo lina uzito unaokaribia mara mbili ya maji. Kwa hiyo vitu vizito, kama jengo la ghorofa, huzama ndani yake au huinama upande wenye udongo dhaifu zaidi. Vitu vitupu vilivyozikwa, kama matangi ya maji taka na ya mafuta, huelea na kuchomoza juu ya ardhi. Kule Niigata yalitokea yote mawili kwa pamoja. Kisha maji yaliyobanwa hutafuta njia ya kutokea. Hupasua tabaka la juu na kuruka yakiwa yamebeba mchanga wa kijivu, hadi sebuleni kama sakafu ina ufa, na hutapika mchanga huo kuzunguka tundu mpaka vichuguu vidogo vinajengeka uani, barabarani na mashambani. Maji yakishatoka, chembe hukaa upya na ardhi hushuka, huku zaidi, kule kidogo. Tofauti hiyo ya kushuka ndiyo inayopasua misingi na kukata mabomba. Na pale ambapo ardhi ina mteremko hata wa nyuzi moja au mbili, au ina ukingo wa mto upande mmoja, tabaka zima la juu linaweza kuteleza kuelekea mtoni, likiburuta nyumba, nguzo za madaraja na mabomba. Daraja la Showa la Niigata, lililokuwa limemalizika kujengwa wiki chache tu kabla ya tetemeko, liliangusha sehemu zake mtoni.

Si kila udongo unaofanya hivi. Panahitajika mambo matatu yakutane: udongo wa chembechembe uliolegea, hasa mchanga au vumbi laini la mtoni, maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwa kawaida ndani ya mita kumi, na mtikisiko wenye nguvu na muda wa kutosha. Udongo wa mfinyanzi unaonata hauyeyuki kwa namna hii, ingawa una balaa lake la kukuza mawimbi ya tetemeko, kama Mexico City ilivyojua mwaka 1985. Mchanga uliokaa maelfu ya miaka na kushikamana ni mgumu kuyeyuka. Ulioletwa na mto juzi ni rahisi, na uliomwagwa na malori au kupulizwa na mashine kutoka baharini bila kushindiliwa ni rahisi kupita wote. Katika masharti hayo matatu, la mwisho tu ndilo lililo nje ya uwezo wetu. Mawili ya kwanza tunaweza kuyajua mapema, na mara nyingi tunaweza kuyabadilisha.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote uko Urayasu, mji ulio kando ya ghuba ya Tokyo. Karibu robo tatu ya eneo lake ni ardhi iliyotwaliwa baharini kuanzia miaka ya 1960. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipotokea zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, ardhi ya Urayasu ilitikisika kwa dakika kadhaa. Mitaa ya ardhi mpya ilibubujikwa na tope. Nyumba ziliinama, mifuniko ya mashimo ya maji taka ikachomoza juu ya lami, familia zikakaa wiki kadhaa bila choo kinachofanya kazi. Mtaa wa zamani wa wavuvi, uliokuwapo kabla bahari haijafukiwa, haukuyeyuka. Tetemeko lilikuwa moja, na mji ni ule ule. Kuna zaidi ya hapo: sehemu ya ardhi mpya ilikuwa imeshindiliwa kwa kupigiliwa nguzo za mchanga chini kabla ya kujengwa, ikiwemo bustani ya Tokyo Disneyland. Eneo la michezo lilibaki zima, ilhali maegesho yake, ambako kazi hiyo haikufanywa vivyo hivyo, yalipasuka na kutapika tope. Mwenye kudai kwamba matokeo ya tetemeko ni bahati tupu sioni atakavyoueleza mpaka huo.

Christchurch, New Zealand, inafundisha jambo jingine. Mji huo umejengwa kwenye tambarare, juu ya mchanga wa mito na vinamasi vilivyokaushwa, na mto Avon unapita katikati yake. Tarehe 4 Septemba 2010 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 7.1 magharibi mwa mji, kwenye ufa wa ardhi ambao hakuna mtaalamu aliyekuwa anajua kwamba upo. Mitaa ya mashariki iliyeyuka. Watu walizoa tope, wakapasafisha, wakaanza kutengeneza nyumba. Tarehe 22 Februari 2011 likaja jingine, dogo zaidi, la ukubwa wa 6.2, lakini lilikuwa karibu zaidi na mji, tena kwa kina kifupi. Likaua watu 185, wengi wao katika majengo ya ghorofa yaliyoporomoka katikati ya mji. Mitaa ile ile ya mashariki iliyeyuka upya, na ikayeyuka tena mwezi Juni na tena Desemba mwaka huo. Mashimo yale yale ya uani yalitema mchanga mara ya pili na ya tatu. Zaidi ya tani 400,000 za tope zilizolewa mjini, nyingi kwa koleo za wanafunzi na majirani waliojitolea. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mchanga ukiyeyuka mara moja unakuwa umejishindilia na hatari imekwisha. Baadaye serikali iliamua kwamba maeneo mazima hayafai kukaliwa. Ikanunua karibu nyumba 8,000 na kuzibomoa. Leo ukipita kando ya mto Avon utaona nyasi na miti ya matunda iliyokuwa ya bustani za watu.

Linalouma ni kwamba ramani za hatari ya kuyeyuka kwa udongo wa Christchurch zilikuwa zimechorwa miaka kadhaa kabla, na mitaa iliyoathirika zaidi ilikuwamo kwenye ramani hizo. Maarifa yalikuwapo, lakini hayakufika kwenye meza ya anayegawa viwanja kwa nguvu ya kumfanya aseme hapana. Naliona hili kuwa zito kuliko uhaba wa fedha, maana New Zealand si nchi maskini na haikukosa wahandisi.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi la kwanza, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: katika mifano yote hii tope limeharibu nyumba, lakini halikuua. Niigata walikufa watu wachache, chini ya 40. Christchurch waliokufa waliangukiwa na zege, hawakuzama kwenye mchanga. Bukoba mwaka 2016, katika tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yakaharibika kwa sababu ya kuta dhaifu, na kuyeyuka kwa udongo hakukuwa na sehemu kubwa katika msiba ule. Je, si afadhali fedha zetu chache ziende kwenye kuimarisha kuta na linta kuliko kupima mchanga? Nakubali nusu ya hoja hii. Ukuta usio na mshipi wa zege ndio muuaji mkubwa katika ukanda wetu, na anayejenga kilimani aanze na huo. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu inachukulia kwamba tope haliui. Mji wa Palu, Indonesia, umeshatoa jibu.

Palu uko kwenye kisiwa cha Sulawesi, mwisho wa ghuba nyembamba, ndani ya bonde lililobanwa na milima pande mbili. Kwa maelfu ya miaka mvua zimekuwa zikiushusha mchanga na changarawe kutoka milimani na kuutandaza bondeni. Tarehe 28 Septemba 2018, jua likizama, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilipita moja kwa moja kwenye ufa unaolikata bonde hilo. Dunia iliona zaidi picha za tsunami iliyopiga ufukwe. Lakini ndani zaidi, mbali na bahari, vitongoji vya Petobo, Balaroa, Jono Oge na Sibalaya viling'oka na kuondoka. Ardhi yenye mteremko mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, wa asilimia chache tu, ilianza kutiririka ikiwa na nyumba, misikiti, makanisa, minazi na barabara juu yake. Picha za satelaiti za kabla na baada zinaonyesha mapaa ya nyumba yakiwa mamia ya mita kutoka yalipokuwa. Jono Oge baadhi ya vitu vilisafiri zaidi ya kilomita moja. Ardhi iliendelea kusogea hata baada ya mtikisiko kutulia, ikipasuka, ikipanda juu ya nyingine na kufunika waliokuwa wakikimbia. Katika maafa yote ya siku ile walikufa au kupotea zaidi ya watu 4,300. Katikati ya Oktoba utafutaji wa miili ulisitishwa, na mamia ya watu wamebaki chini ya tope lililokauka.

Kwa nini pale, na si mita mia tano juu yake? Vikundi viwili vya watafiti vilichunguza swali hilo kila kimoja kivyake, na mwaka 2019 vikachapisha majibu yanayofanana. Upande wa mashariki wa bonde unapita mfereji wa Gumbasa, uliojengwa enzi za Waholanzi ili kumwagilia mpunga. Kwa takriban miaka mia moja maji yake yametuamishwa kwenye majaruba na kunywea ardhini. Mchanga ambao kiasili ungekuwa mkavu kwa kina kirefu ukawa umejaa maji karibu hadi juu. Maporomoko ya upande huo yalianzia kwenye mfereji au chini yake kidogo. Juu ya mfereji, ambako mteremko ni ule ule au mkali zaidi, na mchanga una asili ile ile, ardhi haikuondoka. Mfereji uligeuka mpaka kati ya ardhi iliyobaki na ardhi iliyotiririka. Wakulima wa bondeni na waliojenga nyumba chini ya majaruba hawakufanya kosa lolote walilolijua. Mpunga ulilisha watu kwa karne nzima. Hata hivyo sharti la pili kati ya yale matatu, yaani maji karibu na uso, liliwekwa na binadamu.

Mtu makini atanikumbusha Balaroa. Mtaa huo uko upande wa magharibi, hauna mfereji wala majaruba, na bado uliporomoka. Ni kweli, na sitalificha: kuna mahali ambapo chemchemi na maji ya milimani yanatosha kuifanya kazi hiyo bila msaada wetu. Lakini Balaroa haiangushi hoja yangu, inaongeza upande wake mwingine. Pale palijengwa nyumba nyingi za makazi juu ya ardhi yenye maji, na watu wakapangwa humo. Kama hatukuyaleta maji, tuliwaleta watu kwenye maji. Hayo yote mawili ni maamuzi ya mipango miji.

Pingamizi la pili nalisikia likitolewa kwa lugha ya kwetu: hayo ni mambo ya Japani na Indonesia, Afrika Mashariki hakuna matetemeko ya namna hiyo. Kumbukumbu zinasema vingine. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Mwaka 1928 Subukia, Kenya, ilipata la takriban 6.9. Februari 2006 tetemeko la 7.0 lilitokea Machaze, katikati ya Msumbiji, nchi tambarare yenye mchanga na wakazi wachache. Waliokufa hawakufika kumi, lakini wataalamu waliofika baadaye walikuta ardhi imepasuka na mchanga umetapikwa mashambani. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliipiga Karonga, kaskazini mwa Malawi, kubwa zaidi likiwa la takriban 6.0, nako pia mchanga ulitoka ardhini. Tarehe 12 Agosti 2020, usiku wa saa mbili na dakika chache, tetemeko la takriban 6.0 lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na watu wakashuka kutoka maghorofani wakiwa na watoto mikononi. Matetemeko makubwa ni nadra kwetu kuliko Japani, hilo halina ubishi. Unadra huo lakini una hasara yake: kizazi kinachojenga leo hakikumbuki, na ufa usiojulikana chini ya Christchurch unatuonya kwamba kutojulikana si kutokuwapo.

Karonga inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ng'ambo ya mto Songwe ni Kyela. Ardhi haijui mpaka wa nchi. Kyela ni bonde la ufukweni mwa ziwa Nyasa, lenye mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe na mchanga mpya kila masika, maji karibu na uso, na mpunga unaosifika nchi nzima. Masharti mawili ya kwanza yapo hadharani kwa mtu yeyote anayechimba kisima, na la tatu lilishabisha hodi mwaka 2009. Uwanda wa Rusizi, kati ya Bujumbura na Uvira, una sura hiyo hiyo katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Kwenye pwani, delta ya Rufiji na mabonde ya mito yanayokata miji, Msimbazi ukiwa mmoja wao, yana mchanga na tope la mto, japo matetemeko yake ni machache zaidi. Sitaki kumtisha anayelima Kyela ahame. Nataka shule, hospitali, daraja na kituo cha umeme kitakachojengwa pale mwakani kiwe kimejibu swali la tatu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Katika miji yetu kuna tabia moja inayonipa wasiwasi zaidi ya nyingine. Mafuriko yanapowachosha watu wa mabondeni, suluhisho la kwanza ni kifusi. Malori yanamwaga mchanga, moramu, mabaki ya kuta na hata takataka, kiwanja kinapanda nusu mita au mita moja, nyumba inajengwa juu. Kifusi kinaweza kusaidia, na ni haki kulisema hilo: tabaka la juu lililo kavu, nene na lililoshindiliwa vizuri huifunika ile sehemu ya chini inayoyeyuka na kuisaidia nyumba isiiname. Wajapani wamelipima jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kifusi kilichowekwa tabaka baada ya tabaka, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine kufuata, na kikibaki juu ya kiwango cha maji. Kikimwagwa ndani ya dimbwi kwa siku moja kinakuwa chenyewe ule mchanga mlegevu uliojaa maji. Tunakimbia maji ya mvua kwa kujitengenezea hatari ambayo haitaonekana mpaka siku ya tetemeko.

Pingamizi la gharama ndilo linalosikika zaidi, nalo linastahili jibu la kina. Kipimo kinachotumika sana duniani si cha ajabu. Mashine huchimba shimo jembamba. Kila baada ya mita moja na nusu hivi, fimbo ya chuma yenye bomba wazi mwishoni huteremshwa hadi chini. Nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa sentimita 76 na kuachwa ianguke juu ya fimbo, tena na tena. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi. Baada ya hapo fundi huhesabu kwa sauti mapigo yanayotakiwa ili bomba lizame sentimita 30 nyingine, na mwenzake huandika. Mapigo matano au manane kwenye mchanga uliolowa ni habari mbaya. Yakizidi 30 mchanga umebana kiasi kwamba hofu ya kuyeyuka huondoka. Bomba likitolewa hufunguliwa, na udongo wa kina kile unalala mbele ya macho, rangi yake, chembe zake na maji yake. Baada ya matetemeko mawili ya mwaka 1964, la Alaska mwezi Machi na la Niigata mwezi Juni, watafiti Seed na Idriss wa Chuo Kikuu cha California waliyalinganisha mapigo hayo na mahali palipoyeyuka na pasipoyeyuka, na mwaka 1971 wakatoa njia ya kukokotoa hatari ambayo mhandisi anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi. Vifaa hivyo vipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hutumika kila linapojengwa ghorofa au daraja.

Mwenye kujenga nyumba ya vyumba vitatu hataweza kukodi mashine hiyo peke yake, na si haki kumdai. Lakini halmashauri inayopima mtaa wa viwanja mia tatu inaweza kuchimba mashimo machache kwa ajili ya mtaa wote, na gharama ikigawanywa haitakuwa mzigo wa kumzuia mtu kujenga. Matokeo yakiwa mabaya, si lazima eneo liachwe. Nyumba ya kawaida inaweza kujengewa msingi mmoja mpana wa zege na nondo chini ya eneo lake lote, ili ardhi ikishuka nyumba ishuke kwa pamoja bila kukatika. Inaweza kuwekwa mbali na ukingo wa mto, ambako ardhi huteleza. Mabomba yanaweza kuwa ya plastiki inayopinda badala ya yale yanayovunjika. Jengo kubwa linaweza kushushiwa nguzo hadi tabaka gumu, au mchanga wake ukashindiliwa kwa kina kabla ya ujenzi, kama ilivyofanywa Urayasu. Na pale ambapo hakuna kinachofaa, pabaki shamba au uwanja wa mpira. Kujua mapema hakuna gharama inayokaribia ile ya kununua nyumba 8,000 na kuzibomoa.

Baada ya maafa yake, New Zealand ilifanya jambo ambalo sisi tunaweza kulifanya kabla ya yetu. Ilikusanya matokeo ya maelfu ya vipimo vya udongo vya Christchurch, vya serikali, vya bima na vya wahandisi binafsi, ikayaweka kwenye hifadhi moja ambayo wahandisi wote wanaitumia. Kwetu mashimo ya namna hii yamechimbwa kwa miongo mingi, chini ya kila daraja kubwa, kila gati na kila jengo refu la Dar es Salaam na Mombasa. Ripoti zake zinaishia kwenye makabati ya kampuni na ofisi zilizolipia, na anayejenga kiwanja cha pili anaanza upya bila kujua jirani yake alikuta nini. Manispaa ikiweka sharti kwamba nakala ya kila ripoti iambatanishwe na ombi la kibali cha ujenzi na ihifadhiwe mahali pa wazi, ramani ya udongo wa mji itaanza kujichora bila kuchimba shimo la ziada. Iongezwe na tarehe ya kipimo, maana kina cha maji kilichoandikwa Septemba, ardhi ikiwa imekauka, kinaweza kuwa mita kadhaa chini ya kile ambacho shimo hilo hilo lingeonyesha Aprili, na mhandisi anayekokotoa hatari ya mchanga anapaswa kutumia kile cha Aprili.